Ganda la yai na jiwe la Mlima Homa yametoa spektra moja: kaboneti itatuelezaje habari za uhai kwenye Mirihi?

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Wenzangu, salamu kutoka Nakuru. Ninafundisha kemia katika shule ya upili, na kila Ijumaa jioni hukutana na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu wanaopenda elimu ya anga. Muhula huu tulisoma kwamba gari-roboti la Perseverance, lililotua kwenye kasoko ya Jezero huko Mirihi tarehe 18 Februari 2021, hutafuta madini ya kaboneti kwa kuyamulika kwa leza, kwa kuwa mara nyingi kaboneti hujijenga palipokuwa na maji na huweza kuhifadhi mabaki ya viumbe. Wanafunzi wakaniuliza swali la haki kabisa: mbona sisi wenyewe tusipime kaboneti zilizo karibu nasi, tuone zinavyotofautiana?

Tukakusanya vitu vinne. Cha kwanza kilikuwa ganda la yai la kuku wa kienyeji, lile la rangi ya kahawia. Cha pili kilikuwa kombe la konokono ambalo mwanafunzi mmoja aliliokota ufuoni Dunga alipokwenda kwao Kisumu likizoni. Cha tatu kilikuwa jiwe jeupe lenye fuwele zinazometameta, lililotoka kwenye miteremko ya Mlima Homa. Cha nne kilikuwa magadi tuliyonunua sokoni, haya haya yanayolainisha mrenda jikoni. Tulivitonea siki kwanza. Magadi yalitoa mapovu kwa kishindo. Ganda na kombe yakafuata. Jiwe la Homa lilisitasita mpaka tulipolikwaruza kwa msumari na kudondosha siki juu ya unga wake.

Baadaye mtaalamu wa maabara ya chuo fulani alitukubalia kuvipima kwa mashine ya Raman, inayopiga kitu kwa leza na kuchora spektra, yaani grafu ya mwanga unaorudi; yake ina leza ya kijani ya nanomita 532. Ninazo karatasi zake hapa mezani. Ganda la yai lina kilele kirefu kwenye 1086, na vidogo kwenye 712, 282 na 156. Jiwe la Homa lina 1086, 712, 282 na 156. Kombe la konokono lina 1085, 705, 206 na 153. Magadi hayakufanana na yeyote, kwani kilele chake kirefu kiko karibu na 1060. Zaidi ya hayo, vilele vya yai na vya jiwe vimekaa juu ya kilima kipana cha mwanga, kana kwamba mtu ameviinua kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokwama mbele ya wanafunzi wangu. Yai ni kazi ya kiumbe hai. Mlima Homa ni volkano ya kale. Ikiwa vitu hivi viwili vinatoa grafu ambazo huwezi kuzitofautisha hata ukiziweka moja juu ya nyingine dirishani, basi kuipata kaboneti kwenye Mirihi kutatuambia nini kuhusu uhai? Tena ningependa kuelewa kwa nini kilele kikubwa hakibadiliki kati ya yai na konokono ilhali vidogo vinabadilika, na kile kilima kinatokana na nini.

Mpimaji wa Madini, Kisumu

Mwalimu, salamu kutoka kando ya ziwa. Kazi yangu ya kila siku ni kupima madini kwa vifaa vya aina hii, na ninakuhakikishia kwamba vipimo vyenu ni vizuri. Nitaanza na vilele, kwa sababu jibu la swali lenu kubwa limejengwa juu yake.

Kila kaboneti ina ndani yake kikundi kilekile: atomu moja ya kaboni katikati na atomu tatu za oksijeni kuizunguka, zote zikiwa zimelala bapa katika umbo la pembetatu. Leza inapoipiga pembetatu hiyo, sehemu ndogo sana ya mwanga hurudi ikiwa imepungukiwa na nishati, na nishati iliyopungua ni ile iliyotumika kuitetemesha. Namba mlizopewa ndizo kipimo cha upungufu huo, nazo huhesabiwa kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja. Kilele cha 1086 ni mtetemo ambao oksijeni zote tatu husogea nje pamoja na kurudi ndani pamoja, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Mtetemo huo ni wa ndani ya pembetatu yenyewe, hivyo majirani wake hawaugusi sana. Ndiyo maana kalsiti ya yai na aragoniti ya konokono, aina mbili za fuwele za kalsiamu kaboneti, zinakaribiana mno hapo.

Vilele vidogo ni habari nyingine. Kile cha 712 au 705 ni pembetatu inayojikunja ikiwa imelala palepale bapa, na vile vilivyo chini ya 350 ni pembetatu nzima ikiyumba na kugeukageuka baina ya atomu za kalsiamu zinazoizunguka. Hivi hutegemea namna fuwele ilivyopangwa. Kalsiti na aragoniti zina fomula ileile, CaCO₃, lakini mpangilio wa atomu si mmoja, na kwa hiyo 282 ya kalsiti inakuwa 206 kwenye aragoniti. Ukiondoa kalsiamu na kuweka magnesi, ambayo ni ndogo zaidi, vifungo hukaza na vilele hupanda: magnesiti hutoa 1094, 738, 329 na 213. Dolomiti, ambayo ina kalsiamu na magnesi kwa zamu, huwa na kilele chake kirefu karibu na 1098. Wanafunzi wako wasizoee kusoma kilele kirefu peke yake na kutangaza jina la madini. Tofauti ya namba mbili tatu kwenye kilele hicho yaweza kuwa kosa la mashine tu, na ndiyo sababu kabla ya kupima chochote mimi huweka kipande cha silikoni na kuhakikisha kilele chake kinaangukia karibu na 520. Muulizeni mtaalamu wenu kama alifanya hivyo siku ile.

Magadi yenu ni sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojeni kaboneti zilizoungana na maji katika fuwele moja iitwayo trona, ile inayochimbwa Ziwa Magadi. Kilele chake cha karibu 1060 ni cha kawaida kabisa.

Sasa kilima. Huo ni mng'ao: leza huamsha kitu fulani ndani ya sampuli, nacho hutoa nuru yake chenyewe, yenye nguvu kuliko Raman mara nyingi. Katika yai la kahawia mimi ninamshuku mhusika mmoja kwanza, nayo ni ile rangi yenyewe. Inaitwa protopofirini, na ni molekuli ileile ambayo ikiwekewa chuma katikati yake hubeba oksijeni katika damu yetu. Mnaweza kuihakikisha bila mashine yoyote. Azimeni ile tochi ya urujuanimno (UV) ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia, ingieni chumba chenye giza, mmulike yai. Litawaka wekundu. Msiielekeze tochi hiyo machoni, na hiyo leza ya maabara msiikaribie kabisa bila miwani yake.

Kwa hiyo, Mwalimu, kile kilima mlichokiona kama usumbufu huenda ndicho sehemu pekee ya karatasi yenu ya yai inayosema jambo kuhusu kuku. Vilele vinasema kalsiti, na kalsiti haimjui mama yake.

Mwanafunzi wa Fizikia, Bungoma

Ninashukuru kwa maelezo haya. Naomba kupendekeza njia ya mkato, na mnirekebishe nikikosea. Ikiwa yai na volkano zote hutoa kalsiti, basi tuiache kalsiti tuitafute aragoniti. Aragoniti ndiyo ya makombe ya konokono na ya lulu, na kwenye joto na shinikizo la kawaida kalsiti ndiyo iliyo thabiti zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba aragoniti haiwezi kuonekana mpaka kiumbe ailazimishe. Kama roboti itaona 206 badala ya 282, je, hatutakuwa tumepata alama ya uhai?

Mwanajiolojia, Homa Bay

Ndugu wa Bungoma, hoja yako ina mantiki, na wengi wameipitia kabla yako, lakini haifiki mbali. Aragoniti hujijenga bila kiumbe yeyote mahali ambapo maji yenye kalsiamu yanapoteza gesi ya kaboni dioksaidi kwa haraka, hasa yakiwa na joto au yakiwa na magnesi nyingi inayoizuia kalsiti kukua. Maji hayana subira ya kusubiri fuwele iliyo thabiti zaidi. Huacha ile inayowahi. Chemchemi za maji moto ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili, na mtu akienda Loburu, kandokando ya Ziwa Bogoria, ataona jinsi maji yanayochemka yanavyojenga magamba ya kaboneti kuzunguka midomo yake. (Aangalie kwa macho tu, hilo ni eneo la hifadhi na mawe yake hayabebwi.) Upande wa pili wa tatizo ni muda. Aragoniti hugeuka kuwa kalsiti miaka inapokwenda, hasa ikikutana na maji, na miamba inayotafutwa kwenye Mirihi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Hata kama konokono wa Mirihi angalikuwapo, kombe lake lingekwisha kubadili sura.

Mwalimu, nimefurahi sana kwamba mlichukua jiwe la Mlima Homa, maana mlima huu ninauona kila siku nikitoka nje. Watu wengi hufundishwa kwamba mawe ya chokaa yote ni makombe na mifupa ya viumbe wa baharini yaliyoshindiliwa. Mlima Homa haukuwahi kuwa bahari. Ni volkano ya kabonatiti, yaani aina adimu ya volkano ambayo magma yake yenyewe ilikuwa kaboneti. Kalsiti ya jiwe lenu iliganda kutoka kwenye magma hiyo kama graniti inavyoganda kutoka kwenye ya kwake. Jamaa yake aliye hai bado yuko Tanzania: Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani ambayo kwa siku hizi hutoa lava ya sodiamu kaboneti. Lava yake ina madini mawili yaliyopewa majina yanayotuhusu, nyerereiti kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na gregoriiti kwa heshima ya J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa.

Kwa hiyo mnayo kalsiti ambayo haikuhitaji uhai, na haikuhitaji hata ziwa. Hilo ni onyo kubwa kuliko lile la yai.

Kuhusu kilima cha jiwe la Homa, hapo hakuna protopofirini. Kabonatiti huwa na manganisi na madini adimu ya ardhi, kama seriamu na neodimiamu, ambayo hujipenyeza kwenye nafasi za kalsiamu na kung'aa yanapomulikwa. Shida hii imefika hadi Mirihi. Kifaa cha SHERLOC kilicho kwenye mkono wa Perseverance kiliona mng'ao katika miamba ya Jezero, nao ukafasiriwa na watafiti wengi kuwa wa molekuli za kaboni zenye umbo la pete. Watafiti wengine wakaonyesha kwamba seriamu iliyo ndani ya madini huweza kutoa mng'ao kama huo. Mwenzetu wa Kisumu yuko sahihi kuhusu yai, ila mng'ao peke yake usichukuliwe kuwa sahihi ya kiumbe.

Basi tunatumia nini? Mimi ningetazama mambo mawili ambayo spektra moja ya nukta moja haiwezi kuyatoa.

La kwanza ni umbo na mahali. Utando wa bakteria ukikua ziwani, ukinasa chembe, ukafunikwa, ukakua tena, huacha jiwe lenye tabaka zilizojikunja kama majani ya kabichi, liitwalo stromatoliti. Ukiweza kupima nukta baada ya nukta kwa mstari unaokata tabaka hizo, ukaona kaboneti, kisha utepe mwembamba wenye molekuli za kaboni, kisha kaboneti tena, na utepe huo ukifuata kila mkunjo wa jiwe, hapo unayo habari yenye uzito. Maziwa yetu ya magadi yanafaa mno kwa mazoezi haya. Mwani wa kijani-buluu unaoishi kwenye Ziwa Nakuru una karotenoidi, rangi ileile ambayo heroe huila na kugeuka waridi, na karotenoidi hujitokeza kwa nguvu sana chini ya leza ya kijani, kwenye 1005, 1155 na karibu na 1520. Hakuna kaboneti yenye vilele hivyo vitatu kwa pamoja. Ingawa sitarajii karotenoidi kubaki nzima kwenye Mirihi kwa mabilioni ya miaka, mtu aliyewahi kuviona vilele hivyo vimekaa ubavuni mwa 1086 anaelewa papo hapo tunatafuta kitu cha namna gani.

La pili ni isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Viumbe wanapojenga miili yao hupendelea kaboni-12 kuliko kaboni-13, na upendeleo huo huacha alama. Hili linahitaji kifaa kinachopima uzito wa atomu. Curiosity, gari-roboti jingine la Mirihi lililoko kwenye kasoko ya Gale, huoka unga wa mwamba na kupima gesi inayotoka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kaboneti zenye kaboni-13 na oksijeni-18 nyingi kupita kiasi. Hiyo haikuwa alama ya uhai. Inaelekea zaidi kuwa alama ya maji yaliyokuwa yakikauka, au kuganda, na kuacha atomu nzito nyuma.

Ninawaomba pia mwaambie wanafunzi habari ya kimondo ALH84001, kilichookotwa Antaktika mwaka 1984. Kilitoka Mirihi na kina vidonge vidogo vya kaboneti vyenye umri wa miaka karibu bilioni 4. Mwaka 1996 David McKay na wenzake walitangaza kwamba vidonge hivyo vina dalili za viumbe vya kale. Kila dalili ilikuja kupatiwa maelezo yasiyohitaji kiumbe, na leo wataalamu wengi hawalikubali dai lile. Nikilisoma tena jambo hilo ninaona kwamba hakuna aliyekosea kuhusu madini. Kaboneti ilikuwapo kweli. Ubishi wote ulihusu nani aliyeiweka.

Mtazamaji wa Sayari, Kakamega

Ningependa kuongeza upande wa infraredi, yaani mwanga usioonekana ulio nje ya wekundu, kwa sababu kabla ya leza kufika karibu na mwamba, lazima mtu ajue aende wapi, na hapo Raman haisaidii.

Chombo kinachozunguka juu ya Mirihi hutegemea mwanga wa Jua unaoakisiwa na ardhi. Kaboneti hula sehemu ya mwanga huo na kuacha mabonde katika spektra: magnesiti karibu na mikromita 2.30 na 2.50, kalsiti mbele kidogo, karibu na 2.34 na 2.54. Mwaka 2008 watafiti waliotumia kifaa cha CRISM walitangaza kwamba wameiona kaboneti yenye magnesi nyingi huko Nili Fossae, eneo lisilo mbali na Jezero. Taabu ni kwamba madini ya udongo wa mfinyanzi yenye magnesi au chuma nayo yana bonde karibu na 2.31. Mtu akiliona bonde hilo peke yake hajaona kitu. Ni lazima alipate la 2.5 likiwa na kina kinacholingana nalo, na ikiwezekana yale ya 3.4 na 3.9 pia. Zaidi ya hapo, hewa ya Mirihi ni kaboni dioksaidi, ambayo ina mabonde yake yenyewe yanayopaswa kuondolewa kwanza, na vumbi limetanda juu ya kila kitu.

Mfano wa vumbi ninaoupenda ni wa gari-roboti la Spirit. Mwishoni mwa mwaka 2005 lilipima mwamba uliopewa jina la Comanche, katika kasoko ya Gusev. Kifaa chake cha infraredi kilikuwa kimepata vumbi kwenye kioo, na spektra haikusomeka sawasawa. Ilipita miaka kabla ya watafiti kuweza kuliondoa vumbi hilo kwa hesabu na kuunganisha spektra na vipimo vya vifaa vingine viwili. Ndipo mwaka 2010 wakatangaza kwamba kati ya asilimia 16 na 34 ya mwamba ule ni kaboneti ya magnesi na chuma. Data ilikuwa mkononi muda wote huo. Wanafunzi wanaodhani kwamba mashine hutoa jibu ukibonyeza kitufe wanapaswa kuisikia habari hii.

Kuhusu vifaa vya Perseverance, kuna jambo moja linalogusa karatasi zenu moja kwa moja. SuperCam, iliyo juu ya mlingoti, ina leza ya kijani ya nanomita 532 kama ile mliyotumia, na husoma Raman kutoka umbali wa mita kadhaa, ikiwa ni pamoja na vile vilele vya chini vinavyotofautisha fuwele. SHERLOC ina leza ya urujuanimno ya nanomita 248.6. Leza hiyo ina faida kubwa, kwa kuwa mng'ao huanza mbali kidogo na Raman na hivyo kile kilima hakivifuniki vilele. Lakini SHERLOC haioni chini ya takriban 800. Kwake yeye 712, 282 na 206 hazipo. Inabaki kupambanua kaboneti kwa kilele kimoja tu, kile kirefu, na ndicho ambacho mwenzetu wa Kisumu ametuonya tusikitegemee peke yake. Ndiyo sababu gari moja limebebeshwa vifaa vingi: kila kimoja kina kona yake ya upofu.

Mwisho, msiyadharau magadi. Ninyi mmeyaona kama kitu cha jikoni kilichokosa kufanana na vingine, lakini nje ya Mirihi huenda ndiyo yenye habari tamu zaidi. Mwaka 2016 data za infraredi za chombo cha Dawn zilionyesha kwamba yale madoa meupe ndani ya kasoko ya Occator, kwenye sayari kibete Ceres, yana sodiamu kaboneti kwa wingi, iliyoachwa na maji ya chumvi yaliyopanda kutoka chini. Chembe za barafu zinazorushwa na Enceladus, mwezi wa Zohali, zilionekana kuwa na chumvi za sodiamu zikiwemo kaboneti, dalili kwamba bahari iliyo chini ya barafu yake ni ya magadi kama maziwa ya Bonde la Ufa. Kisha kuna vumbi la asteroidi Bennu, ambalo chombo cha OSIRIS-REx kililirudisha duniani tarehe 24 Septemba 2023. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watafiti walitangaza chumvi walizozikuta humo, na mojawapo ilikuwa trona. Trona yenyewe, hii ya Ziwa Magadi. Maana yake ni kwamba ndani ya mwamba mzazi wa Bennu kulikuwa na maji yenye magadi yaliyokauka polepole.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo alama ya uhai. Ila zinajibu swali linalotangulia, yaani maji yalikuwa ya namna gani. Maji makali ya asidi huila kaboneti, kama siki yenu ilivyolila ganda. Kaboneti ikibaki, tunajua kwamba maji hayakuwa na asidi nyingi, na kwamba kaboni ilikuwamo ndani yake. Mimi binafsi nadhani hilo ndilo jibu ambalo Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake bila kusita: 1086 inakuonyesha mahali pa kuinama na kutazama kwa karibu, baada ya kuthibitisha kwamba hapo palikuwa na maji na si magma.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nilichapisha majibu haya na tukayasoma kwa sauti kikundini, sentensi baada ya sentensi, na mjadala ukatupitisha saa ya chakula cha jioni.

Ninaleta ripoti fupi. Tuliazima tochi kwa mwenye duka jirani, tukafunga madirisha ya maabara kwa mablanketi, na yai la kahawia likawaka wekundu kama kaa linaloanza kufifia. Wanafunzi walinyamaza wote. Yai jeupe tulilonunua dukani halikuwaka hivyo. Tukasugua upande mmoja wa yai la kahawia kwa kitambaa chenye siki mpaka rangi ikatoka, tukalimulika tena, na sehemu iliyosuguliwa ilikuwa giza ikizungukwa na wekundu.

Juma lililofuata mtaalamu alitupimia tena, safari hii akianza na silikoni (alikubali kwamba mara ya kwanza hakuianza siku na kipimo hicho). Kwenye sehemu iliyosuguliwa kile kilima kimeshuka sana, ingawa hakijatoweka. 1086, 712, 282 na 156 ziko palepale. Jiwe la Homa tuliliosha kwa maji, kisha kwa dawa ya kung'arishia nguo, ili kama kuna ukungu au mwani juu yake uondoke. Kilima chake hakikutikisika.

Msichana mmoja aliuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema kuosha hakutoshi, kwa sababu kilichomo ndani ya fuwele hakioshwi, kiwe cha kiumbe au cha magma. Mtaalamu alimjibu kwamba ipo njia ya angalau kutenganisha kilele cha kweli na mng'ao: upimwe upya kwa leza ya rangi nyingine. Vilele vya Raman vitabaki kwenye namba zilezile, kwa kuwa hupimwa kutoka kwenye leza yenyewe, ilhali mng'ao wa atomu kama neodimiamu una rangi yake maalumu isiyofuata leza, hivyo kwenye grafu utaonekana umehama. Mashine aliyo nayo ina leza moja tu ya kijani. Jiwe tumelifunga kwenye karatasi pamoja na grafu zake mbili, na kama yupo kati yenu mwenye leza ya nanomita 785, Kisumu au kokote huko magharibi, tutapanda matatu na kulileta.